Kabla hujagusa leza, tafuta maji

Vijana wa gereji, nimeona tena. Kichwa cha lori la Scania 111 kimeingia uani, kutu imeshakula sakafu upande wa dereva, betri haijafunguliwa bado, na tayari watu wanabishana: leza (ngozi bandia ya kuvika viti) nyeusi au ya maziwa, kushona mistari au miraba? Mwingine ameshapanda bajaji kwenda soko la Mwanjelwa hapa Mbeya kuulizia kapeti. Naipenda hamu yenu. Mikono yenu ni mizuri, na wapo kati yenu wanaoshona kuliko tulivyoshona sisi tukiwa na umri huo. Lakini kosa ni lile lile la kila mwaka. Nimeamua kuandika kwa sababu nikisema uani, grenda inameza nusu ya maneno.

Nazungumzia kurudisha hali ya kebini, yaani chumba cha dereva, kwenye magari ya zamani: hizo 111 zilizoanza kutengenezwa Sweden mwaka 1974, 112 na 113 zilizofuata, Benz zenye pua, Isuzu zinazoshusha mbao kutoka Mafinga, Land Rover 109. Kebini zake ni bati na raba tupu, na huku kwetu zimenyeshewa kila masika, Novemba hadi Aprili, na zile za njia ya Tukuyu ndiyo usiseme.

1. Maji kwanza. Kebini haiozi kwa sababu ya uzee. Inaoza kwa sababu maji yana mlango wa kuingilia na hayana wa kutokea. Wewe kazi yako ya kwanza ni kuijua milango yote miwili.

Ng'oa kila kinachofunika: kapeti, felti (kitambaa kizito) ya chini yake, makava ya milango, silingi kama inaning'inia. Futa mpaka pakauke. Kisha mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine ashike bomba nje, amwagie taratibu akianzia chini kupanda juu, akitulia dakika chache kila mahali. Ukianzia juu, maji yatashuka kote na hutajua yamepenya wapi. Na msiniletee ile mashine ya presha ya kuoshea magari. Inasukuma maji hata pale ambapo mvua ya Rungwe yenyewe haipiti, halafu mnahangaika kuziba tundu lisilo na kosa.

Watuhumiwa mnawajua: kona mbili za chini za kioo cha mbele, raba za matundu ya waya kwenye ukuta wa injini, sili za milango, kiungo cha paa, boliti za saiti mira, tundu la antena ambalo mtu alitoboa akafunga redio, redio ikaibiwa, tundu likabaki. Tia alama ya chaki kila unapoona tone. Kumbuka kwamba maji hutembea na kingo za bati, kwa hiyo linapodondokea tone sipo lilipoingilia. Fuata unyevu kwa kidole kurudi juu.

Mlango ni habari nyingine. Maji kuingia ndani ya mlango kupitia mfereji wa kioo ni jambo la kawaida, watengenezaji walilijua, ndiyo maana waliacha matundu chini ya mlango. Vumbi la Usangu likishayaziba, maji yanakaa humo na mlango unaoza kuanzia ukingo wa chini. Zibua kwa waya. Na ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava, mnayoichana na kuitupa mkidhani ni takataka ya kiwandani, ndiyo inayozuia maji hayo yasiingie kebini. Irudishe. Imechanika? Kata nyingine nzito, bandika, ukingo wa chini uchomeke ndani ya mlango ili maji yarudi yalikotoka.

Ukikuta unyevu miguuni upande wa hita, gusa na unuse. Unyevu huo ukiwa wa kuteleza na kunukia utamu, si mvua hiyo, ni kulenti, dawa ya kupozea injini. Hita au mipira yake inavuja. Na kama mwenye gari anaweka maji matupu, kiwango cha rejeta kitakwambia.

2. Silikoni si raba. Hapa nitakaa, kwa sababu hili nimelifanya mimi.

Mzee mmoja alileta 111 yake kiangazi, ile baridi ya Julai. Aliendesha magari ya watu miaka mingi mpaka akanunua lake, akawa anabeba viazi kutoka Isyonje kupeleka Dar es Salaam. Tulisalimiana kamwene, kamwene, akanizungusha kuonyesha kila kitu kwa mkono. Alitaka kebini irudie hali yake, kwa sababu alikuwa anaishi humo kuliko nyumbani. Raba ya kioo cha mbele ilikuwa ngumu, imepasuka kwenye kona. Mpya haikuwepo Mbeya, ilitakiwa kuagizwa, na bei yake ilikuwa kubwa. Nilipaswa kumwambia. Sikumwambia. Nilichukua silikoni nyeusi, nikazungushia kioo chote, nikalainisha kwa kidole chenye sabuni, ikatoka safi kabisa. Kisha nikalaza felti mpya, kapeti, nikafunga kila kitu. Bomba la maji sikulishika. Kulikuwa na jua, mzee alikuwa na haraka ya msimu, na kazi ilipendeza. Alilipa yote na kuniombea baraka.

Mvua zikaanza. Silikoni haishiki vizuri kwenye raba kuukuu iliyolowa mafuta na vumbi, kwa hiyo juu ilibanduka. Chini ilishika. Maana yake maji yaliingia juu, na pale chini, ambapo zamani yalikuwa yanachuruzika nje yenyewe, nilikuwa nimeyafungia mimi. Yakakaa kwenye mfereji wa kioo, yakala bati, yakapata njia ya nyuma ya dashibodi. Mengine yalishukia kwenye felti, nayo ikayashika kama dodoki, juu yake kapeti kavu, chini yake bati linaoza bila mtu kuona. Mengine yalifuata mkungu wa waya mpaka kwenye boksi la fyuzi.

Usiku mmoja, akiwa amepita Igawa kuelekea Makambako, mvua kubwa, waipa zikakata. Zikafuata taa za dashibodi. Alikuwa na mzigo kamili. Alifanikiwa kutoka pembeni mahali pazuri, utingo akaweka mawe na pembetatu, wakakaa mpaka kukakucha. Hakuna aliyeumia. Lakini nilipohesabu umbali uliokuwa umebaki kufika mteremko wa Kitonga, kona zile, usiku, bila waipa, nilikosa la kusema. Mpaka leo nikipita Kitonga nikiwa abiria nalifikiria.

Alirudi nalo. Hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya kapeti yangu nzuri, akakandamiza, maji yakapanda kati ya vidole. Akasema: “Mwanangu, ungeniambia raba hakuna, ningesubiri.”

Tulitoa kila kitu. Chini ya kioo bisibisi ilipita bila kusukumwa. Fundi bodi akakata bati lililooza na kuchomelea jipya, raba ikaagizwa, waya zilizoota ukungu wa kijani zikabadilishwa, na gharama nilibeba mimi, ikiwa ni pamoja na siku gari liliposimama. Ndiyo sababu mkishika chupa ya silikoni karibu na kioo sauti yangu inapanda. Sina hasira na ninyi. Namwona yule mzee.

Raba mpya inafungwa hivi: safisha mfereji wa bati mpaka kwenye chuma kizima, rangi ikauke, vika raba kwenye kioo, zungusha kamba imara ndani ya mdomo wa raba, ncha zikutane chini katikati na kupishana kidogo. Maji ya sabuni kila mahali. Wa nje anakandamiza kioo kwa viganja, wa ndani anavuta kamba taratibu, mdomo unapanda juu ya bati sentimita kwa sentimita. Mkiona raba inajikunja, simameni, msivute kwa nguvu. Raba haipo sokoni? Mwambie mwenye gari, leo, kabla hujafungua skrubu moja.

3. Betri ifunguliwe kabla ya grenda na kabla ya kuchomelea, hasi kwanza, na waya za alternata pia zitolewe kama kuna kuchomelea. Felti kuukuu yenye mafuta inashika moto kwa cheche moja.

Na hapo hapo niseme la umeme. Malori haya ni volti 24, betri mbili za 12 zilizounganishwa mfululizo. Kila wiki nakuta redio ya volti 12 imevutiwa waya kutoka betri moja. Redio inaimba, kijana anafurahi. Alternata inachaji betri zote mbili kwa pamoja, haijui kwamba moja inanyonywa peke yake, kwa hiyo hiyo moja haijai kamwe na mwenzake inachajiwa kupita kiasi. Zote mbili zinakufa mapema na lawama anapewa muuza betri. Fungeni konveta ya 24 kwenda 12. Ni kitu kidogo, kinakaa nyuma ya dashibodi, kazi imekwisha. Land Rover 109 ni 12 tayari, msichanganye.

4. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua waya wowote, funga karatasi yenye namba kila ncha, na skrubu zichomeke kwenye boksi lililochorwa umbo la kitu ulichokitoa.

5. Kutu inakwanguliwa mpaka chuma kionekane, halafu redoksaidi (ile rangi nyekundu ya msingi), halafu rangi. Narudia: halafu rangi. Redoksaidi peke yake hupitisha unyevu, na ninyi mnaipaka, mnaona wekundu unapendeza, mnalaza kapeti. Puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, kwenye sakafu sitaki kuiona kabisa; boliti za kiti zinashika kwenye bati, hazishiki kwenye puti, na kiti hicho kina mtu.

Blanketi za zamani za kuzuia joto la injini huenda zina asbesto. Zilowanishe, zitoe nzima nzima, vaa barakoa, na usizipulize na kompresa.

6. Viti. Godoro la kulalia si sponji ya kiti. Linapendeza siku ya kwanza, baada ya muda linabonyea, dereva anakaa chini kuliko alivyozoea, haoni vizuri kona ya mbele na miguu inafika pedeli kwa taabu. Nunua sponji ngumu, hata kama unaweka laini nyembamba juu yake. Kabla ya kufumua kiti cha zamani, muombe mwenyewe akalie, upime macho yake yako wapi, na baada ya kazi akalie tena. Uzi uwe wa poliesta, maana wa pamba unaoza. Kava la zamani usilitupe mpaka jipya likae, ndiyo ramani yako.

Kuna dereva mmoja aliniambia kiti chake kilikuwa na bonde upande wa kushoto na ndilo lililomfaa mgongo wake. Nilitaka kulisawazisha. Tukakubaliana libaki, nikachonga sponji kufuata bonde lile. Kwa hiyo ulizeni. Mwenye gari amekaa humo miaka, ninyi mmekaa humo tangu asubuhi.

7. Dashibodi isimeremete. Najua mnapaka oili ya breki ili iwe nyeusi na ing'ae kwa ajili ya picha. Oili ile inaharibu rangi na plastiki, na mng'ao wake unarudi kwenye kioo jua likiwa mbele. Dereva anaona dashibodi badala ya barabara. Sabuni nyepesi, kitambaa chenye unyevu, basi. Kama imepasuka, ivishe leza isiyo na mng'ao, rangi ya giza.

8. Kapeti nene isifike chini ya pedeli ya mafuta. Ikate mapema, na uikanyage pedeli mwenyewe mpaka mwisho, ukiwa umevaa buti, si ndala.

9. Gundi. Asubuhi za Juni hapa Uyole leza imekakamaa na gundi haikauki. Ninyi saa moja mmeshaanza kubandika, saa nane inabanduka, mnasema gundi feki. Tandaza leza juani kwanza. Paka gundi pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa isiache uzi kwenye kidole, ndipo ukutanishe. Hairudi nyuma ikishashikana, kwa hiyo pima kabla. Asubuhi hiyo ya baridi fanya kazi ya msasa, utapata joto mwenyewe.

10. Makava ya milango yakitengenezwa kwa plaiwudi, kingo zipakwe vanishi, hasa ukingo wa chini na matundu ya skrubu. Wengi hupaka uso tu, upande unaovikwa leza, ambao ndio hauna shida.

11. Ukimaliza, kabla ya kulaza felti ya mwisho, rudia lile bomba. Mwenye gari awepo, ikiwezekana akae yeye ndani na tochi. Atauliza maswali na utamjibu, na bei uliyomtajia ataielewa bila maneno mengi.

Jumamosi tunafunga kioo cha ile 111 iliyoko uani. Raba yake imefika kutoka Dar. Ambaye hajawahi kuvuta kamba aje, saa nne, jua likishatoka. Aje na sabuni ya kipande na mtu wa kushirikiana naye. Leza iachwe nyumbani.