Maswali ya Wasomaji: Kurasa 180, na Msomaji Anaishia ya 20

SWALI: Mhariri, nimeandika kumbukumbu zangu tangu kuzaliwa hadi kustaafu, kurasa 180. Kila ninayempa anaishia ukurasa wa 20. Nimekosea wapi?

JIBU: Kosa limo katika neno "tangu". Ulichoandika ni tawasifu, inayofuata maisha yote. Kumbukumbu hushika uzi mmoja tu: ugonjwa, kuhama, ugomvi wa baba na mwana. Msomaji hawezi kujali ulisoma wapi kabla hajajua ulikuwa unatafuta nini.

Jaza sentensi hii: "Nilitaka..., nikazuiwa na..., mwishowe nika..." Ikikushinda, usiguse mswada kwanza. Ukishaipata, andika kila tukio kwenye kikaratasi chake, kisha bakiza yale tu yanayoisukuma. Katika matukio 60 huenda yakabaki 15. Harusi yako inaweza kutoka, safari ya saa mbili garini ikabaki. Inauma, najua, yanayotoka yahifadhi kando, usiyatupe.

Anzia karibu na siku mambo yalipogeuka. Utoto utaurudia kwa vipande, pale unapohitajika. Siku hiyo tuonyeshe: chumba, saa, nani alisimama wapi, mikono yake ilishika nini, alisema nini. Miaka mitatu isiyo na jambo ipite kwa aya moja. Wengi hufanya kinyume. Hurefusha yaliyo rahisi kusimulia, na lililowaumiza wanalivuka kwa mstari mmoja: "Ilikuwa siku ngumu sana." Ukikuta sentensi ya namna hiyo kwenye mswada wako, simama hapo. Pana sura nzima imejificha.

SWALI: Maneno tuliyosemezana miaka 30 iliyopita siyakumbuki yote. Nikiyaandika nitakuwa mwongo?

JIBU: La, ikiwa mazungumzo yalifanyika kweli na umetunza maana yake pamoja na namna ya msemaji ya kusema. Kubuni mazungumzo ambayo hayakuwapo, huo ndio uongo. Weka ndani ya alama za kunukuu kauli zilizokuganda kichwani, nyingine ziripoti tu. Tarehe zilinganishe na barua, picha na vyeti. Penye shaka sema wazi: "Mimi nakumbuka mvua, dada anakumbuka jua." Msomaji atakuamini zaidi.

Na walio hai, kuwabadilishia majina hakutoshi iwapo kazi na mtaa bado vinawataja. Mpe mhusika asome sehemu yake kabla ya kuchapisha, wakati bado unaweza kurekebisha.