Mustang yangu ya 1966: breki kwanza, maji pili, rangi baadae

Kama umeshanunua Mustang ya miaka ya sitini au bado unaipigia mahesabu, naomba usianze na rangi. Najua inavyouma kuiona gari nzuri vile imepauka, mi mwenyewe yangu ya 1966 yenye V8 ya inchi za ujazo 289 (kama lita 4.7 hivi) niliichukua na wekundu wake umechujuka kabisa na akili yote ilikuwa kwa fundi rangi, ila mzee mmoja anayezijua hizi gari akaniambia fungua boneti kwanza, angalia masta silinda (ile pampu inayosukuma mafuta ya breki) ina vyumba vingapi. Kilikuwa kimoja.

Mustang zote mpaka za 1966 zilitoka hivyo, breki za magurudumu yote manne zinategemea chumba kimoja cha mafuta, kwa hiyo paipu ikitoboka popote huna breki mbele wala nyuma. Za 1967 ndo zikaja na masta ya mikondo miwili, upande mmoja ukifa mwingine unabaki. Nililichukulia poa kama miezi miwili hivi, mpaka siku niko kwenye mteremko nakanyaga pedali inashuka hadi chini laini kama nimekanyaga godoro. Kilichoniokoa ni breki ya mkono, ile ya kuvuta chini ya dashibodi, yenyewe inakwenda kwa waya mpaka magurudumu ya nyuma haina habari na mafuta, nikarudisha gia ndogo huku naivuta taratibu gari ikasimama. Paipu ya nyuma ilikuwa na tundu dogo kama la sindano, kutu imeila kutokea ndani.

Wiki hiyohiyo nikafunga masta ya mikondo miwili, paipu mpya zote, hozi na silinda za magurudumu. Usifanye nusu. Na mafuta ya breki badilisha kila baada ya miaka 2 hata kama gari imelala tu, mana yananyonya unyevunyevu wa hewani na huo unyevu ndo unaozesha paipu kwa ndani, halafu uwe makini nayo yakidondokea rangi yanaibabua. Kitu kingine watu hawaambiwi, hizi breki za ngoma zinajikaza zenyewe ukirudi rivasi huku unakanyaga breki, so pedali ikianza kushuka kidogo rudi nyuma mara kadhaa uone kama inapanda kabla hujaanza kufungua ngoma.

Ukimaliza breki nenda kwenye maji. Mbele ya kioo, pale karibu na wipa, kuna matundu ya kuingiza hewa ndani ya gari, na chini yake kuna kama sanduku la bati lililochomelewa lote huwezi kulifungua. Majani na vumbi vinajaa humo miaka na miaka, vinakaa na maji, bati linaoza taratibu wewe huoni kitu, kisha mvua inanyesha maji yanakushukia miguuni. Namna ya kupima ni rahisi: nyanyua kapeti, mwenzako amimine jagi la maji polepole kwenye yale matundu, wewe lala chali chini ya dashibodi na tochi. Yangu nilisubiri kama dakika moja, nikaona tone la kwanza linaning'inia kwenye ukingo wa bati, jekundu kwa kutu, halafu yakaja mfululizo. Sakafu upande wa abiria ilikuwa inabonyea kwa kidole. Ndo maana nasema rangi baadae, mana kulitengeneza lile sanduku lazima fenda zitoke na bati la juu litobolewe pointi za welding moja moja, ukishapaka rangi utalia. Na ukikuta muuzaji kaweka kapeti mpya kabisa na hataki uinyanyue, achana na hiyo gari.

Sasa injini. Yangu ilikuwa inawaka vizuri asubuhi, ukitembea nusu saa inaanza kukohoa inazima, ikipoa inawaka kama hakuna kilichotokea. Kila mtu akasema kabureta. Nikaifungua, nikasafisha, nikabadilisha gasketi, nikafungua tena, wikiendi tatu zimeenda. Ilikuwa kondensa, kile kikopo kidogo ndani ya distributa (inayogawa moto kwa plagi), ikipata joto inakufa. Ningejua mapema kama ningeangalia pointi tu, vile vyuma viwili vya humo kwenye distributa vinavyogusana na kuachana kukata umeme, upande mmoja ulikuwa na kishimo na mwingine una kichuguu, ukiona hivyo mshuku kondensa moja kwa moja. Tangu siku hiyo sigusi kabureta kabla sijahakikisha moto wa plagi uko sawa, na nabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, mana ukibadilisha vitatu gari ikapona hujui ulichoponya.

Kuseti pointi jifunze mwenyewe, hata kama una fundi. Zungusha injini kwa mkono mpaka kile kipande cha pointi kinachosugua shafti ya distributa kikae juu kabisa ya pembe ya shafti, ingiza katikati ya pointi fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya inchi 0.017 (milimita 0.43), inatakiwa ipite kwa kusugua kidogo tu, kama unavuta karatasi iliyobanwa kwenye kitabu kizito. Ikipita kwa ulaini sana bado, ikigoma bado. Waya za plagi ziwekee alama kabla hujazichomoa, mpangilio wa silinda kuwaka kwenye 289 ni 1-5-4-2-6-3-7-8 na ukikosea miwili tu injini inatetemeka kama ina homa. Nati zote ni za inchi, spana za milimita zitakulia vichwa vya bolti, tafuta seti ya inchi hata kama ni ya mtumba.

Oili tafuta yenye zinki ya kutosha, shafti ya kemu na tapeti za zamani (zinazofungua valvu) zinaihitaji na oili nyingi za siku hizi zimepunguziwa ili kulinda ekzosi za gari mpya. Hozi za petroli nazo weka za kisasa kama petroli ya kwenu ina ethanoli, za zamani zinalainika. Spea usiogope, Ford walishaunda Mustang milioni moja kufikia Machi 1966, na mpaka leo spea zake karibu zote zinatengenezwa mpya.

Ila ukishafanya yote hayo iendeshe, jamani. Gari hii ikikaa ndo inaugua, sili zinakauka, silinda za breki zinaganda, petroli inageuka gundi kwenye kabureta. Mi kila Jumamosi alfajiri naitoa saa nzima, vioo vyote chini, redio sijawahi hata kuiunga mana ile V8 ikiwa gia ya tatu sitaki kusikia kingine chochote. Sasa hivi inalia kwiii kila nikipita tuta, ni zile amu za juu za mbele, vyuma vinavyoshikilia magurudumu, zinakosa grisi, vizibo vyake vya grisi vimekaa pabaya bomba la grisi haliingii vizuri, Jumamosi hii nimeazima lenye shingo iliyopinda.