Mvua ya mlimani haipatikani kwa kukata pikseli

Swali: Shikamoo Daktari. Nasoma uzamili, na tasnifu yangu inahusu mvua na joto kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Nimepakua data ya CHIRPS (makadirio ya mvua yanayotokana na satelaiti na vituo) ya kuanzia 1981, nikaigawa hadi pikseli, yaani miraba ya ramani, za mita 30 kwa kutumia ramani ya kimo. Joto nimelikadiria kwa kupunguza nyuzi 6.5 kila kilomita ya kimo. Msimamizi amenirudishia sura ya tatu, anasema hiyo si data. Kosa liko wapi? Kuna mtu anauza data ya pikseli za mita 10, ninunue?

Jibu: Marahaba. Usinunue. Swali hili halikosekani kila msimu wa tasnifu, na msimamizi wako yuko sahihi.

Pikseli ya CHIRPS ni nyuzi 0.05 za latitudo na longitudo, yaani kama kilomita 5.5 kila upande. Ukiigawa kwa mita 30 unapata vipande zaidi ya 33,000, vyote vimezaliwa na namba moja ile ile. Chapati ukiikata vipande mia, unga haujaongezeka. Kilichoongezeka kwenye ramani yako ni kimo tu, nacho ulikuwa nacho tangu mwanzo.

Na kimo hicho ndicho kilichokuponza. Programu imeona mvua ikizidi kadiri mtu anavyopanda, ikachora mstari ulionyooka. Moshi mjini, mita 800 na kitu, hupata karibu milimita 900 kwa mwaka. Msituni, kwenye mita 2,000 hivi, ni zaidi ya milimita 2,000. Endeleza mstari huo hadi mita 5,895, kilele cha Kibo kitapewa zaidi ya milimita 5,000, wakati kule juu hudondoka milimita mia chache tu, nyingi zikiwa theluji. Mvua huongezeka hadi ukanda wa msitu kisha hupungua, kwa kuwa mvuke mwingi uko tabaka za chini, na upepo mwingi huuzunguka mlima badala ya kuupanda. Fungua ramani yako usome thamani ya kileleni kabla hujaandika sentensi nyingine.

Satelaiti nayo ina upofu wake. CHIRPS hukadiria mvua kwa ubaridi wa vilele vya mawingu, kisha hurekebishwa kwa vipimo vya vituo vya hali ya hewa. Wingu lililosukumwa mlimani laweza kunyesha vizuri tu bila kilele chake kufika juu kwenye baridi kali, na hapo mvua hukadiriwa chini ya kiasi.

Ile 6.5 ni wastani wa angahewa sanifu (mfano wa jumla wa hewa ya dunia), haikupimwa kwenye mteremko wako. Usiku hewa baridi huteremka na kutuama mabondeni, hadi alfajiri bonde likawa baridi kuliko kilima kilicho juu yake. Kokotoa kiwango chako kutoka vituo vyako, joto la juu kivyake na la chini kivyake, mwezi kwa mwezi.

Kuiokoa sura hiyo, rudisha data kwenye pikseli yake ya asili. Tafuta wastani wa kimo ndani ya kila pikseli, uulinganishe na kimo cha kituo. Tofauti ikiwa mita mia kadhaa, iandike wazi. Angalia kama vituo unavyotumia kuihakiki havikutumika kuitengeneza CHIRPS yenyewe (orodha yake huchapishwa), maana vinginevyo unaisahihisha kwa majibu yake. Fanya kazi kwa jumla za mwezi au siku kumi. Za siku moja zitakuchanganya: kipimamvua husomwa saa 3 asubuhi, hivyo maji unayoyaandika leo sehemu kubwa ni ya jana, wakati siku ya satelaiti huanza saa 9 usiku.

Ukipata fedha, weka vipimamvua kila baada ya mita 200 hadi 300 za kimo, mahali pa wazi, kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti ulio karibu. Kando ya kile cha kielektroniki weka cha mkono, kwa sababu jani moja likiziba faneli, mashine itakuandikia ukame wiki nzima na wala haitalalamika. Kipimajoto kikae kwenye kivuli chenye kupitisha hewa, mita 1.25 hadi 2 kutoka ardhini.

Sasa huyo muuzaji wa mita 10. Hana kituo hata kimoja mlimani. Amekata pikseli kuliko wewe, akaongeza rangi. Mwulize vituo vipi vilitumika, na kosa la makadirio ni milimita ngapi pale kituo kimoja kinapoachwa nje ya hesabu kisha mvua yake ikakadiriwa. Akijibu kwa kukutumia ramani nyingine nzuri zaidi, umeshapata jibu. Na hatari haiishii vyuoni: ramani za aina hiyo zikipelekwa vijijini, zitamwambia mkulima wa kahawa mvua ya kitongoji chake imepungua kwa asilimia fulani, wakati kitongoji chake na cha jirani yake aliye mita 400 juu vimo ndani ya pikseli moja. Watu wanaweza kugawana zamu za maji ya mfongo (mfereji wa umwagiliaji wa Wachagga) kwa namba hiyo.