Nani Hupewa Jina Katika Filamu?

SWALI: Mhariri, mwenzangu anadai kwamba malalamiko kuhusu namna jamii mbalimbali zinavyoonyeshwa katika filamu na tamthilia yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi waigizaji wa kila rangi wanaonekana. Mimi naona kasoro bado ipo, ila nashindwa kuieleza. Je, idadi ya waigizaji haitoshi kuwa kipimo?

JIBU: Ndugu msomaji, idadi ni kipimo kisichofaa kudharauliwa, lakini haitujulishi mwigizaji amepewa nafasi gani. Mwaka 1940 Hattie McDaniel alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kutunukiwa Oscar. Aliipata kwa kuigiza mtumwa wa nyumbani, na katika hafla yenyewe aliketishwa kwenye meza ndogo ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake.

Kisa cha Anna May Wong kinafundisha zaidi. Mwigizaji huyu mwenye asili ya Kichina, mzaliwa wa Los Angeles, alikuwa tayari na jina kubwa wakati studio ya MGM ilipoandaa The Good Earth, filamu ya mwaka 1937 inayohusu familia ya wakulima nchini China. Nafasi ya mume alipewa Paul Muni, mzungu, na kwa kuwa kanuni za maadili za Hollywood zilitumiwa wakati huo kuzuia mapenzi ya mzungu na mtu wa rangi nyingine yasionyeshwe, mke naye akawa mzungu, Luise Rainer, ambaye kazi hiyo ilimpatia Oscar. Wong alifikiriwa kwa nafasi ya suria anayeivuruga familia, naye akaikataa. Laiti angekubali, hesabu ya waigizaji Wachina ingeongezeka, huku msanii mashuhuri kuliko wote miongoni mwao akiwa ndiye mhusika wa kuchukiwa.

Kwa hiyo, mnapotazama filamu, chunguzeni kama mhusika ana jina, kama ana jambo analolitaka kwa ajili yake mwenyewe, na kama anapata kuzungumza shujaa asipokuwepo. Wengi huingizwa ili wafe mapema, shujaa apate sababu ya kulipiza kisasi. Wengine, hasa katika vichekesho vya televisheni, hawana kazi ila lafudhi yao. Kuigiza mwovu si tatizo, mradi uovu huo uwe na chanzo chake ndani ya hadithi, usichukuliwe kuwa tabia ya kabila zima.

Sifa kupita kiasi nazo hupotosha, ingawa jambo hili husahaulika upesi. Sidney Poitier, aliyepata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume mwaka 1964, alikosolewa hata na baadhi ya weusi wenzake kwa kuigiza watu wasio na doa, kana kwamba mweusi hana budi kuwa malaika ndipo akubalike.

Mwenzako anaweza kukujibu kwamba, tangu tuzo za mwaka 2024, filamu inayowania Oscar ya filamu bora hulazimika kutimiza vigezo viwili kati ya vinne vya ujumuishaji. Ni kweli, na ni hatua ya maana. Lakini vigezo vitatu kati ya hivyo vinahusu watendaji walio nyuma ya kamera, mafunzo ya kazi na shughuli za kuitangaza filamu, hivyo filamu inaweza kufuzu bila mhusika hata mmoja kubadilishwa.