Usimponde shingoni

SWALI: Shikamoo mama. Mvua imenyesha wiki nzima, nami hulala taa ikiwaka. Jumatatu niliamka na mstari mwekundu shingoni, kama niliyechapwa fimbo. Kufikia jioni ulikuwa umetoa malengelenge na unawaka moto. Jirani anasema nimekojolewa na buibui. Kaka yangu aliye Marekani ameona picha, akasema ni poizoni aivi. Mke wangu ananitazama kwa jicho baya, anasema ni mkanda wa jeshi. Nimwamini nani?
Msomaji, Embakasi

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimwamini yeyote kati ya hao.

Buibui msamehe, hana hatia. Poizoni aivi ni mmea wa huko kwa kaka yako, una vijani vitatu vitatu na utomvu unaowasha. Kwa vile hujaenda kumfyekea ua, hamjakutana. Mkanda wa jeshi nao hufuata mshipa wa fahamu upande mmoja wa mwili, na mara nyingi maumivu hutangulia malengelenge kwa siku kadhaa.

Aliyekuunguza ni Nairobi flai. Jina tu hilo, si nzi. Ni mbawakawa mwembamba asiyefika hata sentimita moja, mweusi kwa mwekundu. Haumi wala hana mwiba. Sumu yake, pederini, imo ndani ya mwili, hutoka ukimponda. Ulimponda usingizini ukamburuta na kiganja, ndipo ukapata mstari. Ngozi huchelewa kulalamika, saa 12 hadi 36 hivi, kwa hiyo huenda ni wa Jumamosi usiku.

Usione haya kwa kukosea. Baada ya mvua za El Niño, mwaka 1998, nikiwa muuguzi katika zahanati moja ya Eastlands, mama mmoja alikuja na kidonda mkononi, nami nikasema bila kusita: mkanda wa jeshi. Alirudi siku ya tatu akiwa na vidonda viwili vinavyotazamana, kimoja kila upande wa kikunjo cha kiwiko. Alipokunja mkono, sumu ilijipiga chapa upande wa pili. Tangu siku hiyo hutafuta pacha kwanza.

Sasa osha hapo kwa sabuni na maji mengi, ingawa dawa hii hufaa zaidi ukiwahi. Fua shuka na foronya. Nawa mikono kabla ya kugusa macho, maana jicho likipata sumu hii huvimba likafunga. Weka kitambaa cha maji baridi mara kadhaa kwa siku, kisha krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 kutoka duka la dawa. Isifike jichoni wala kwenye ngozi iliyochubuka. Malengelenge usiyatumbue. Na dawa ya meno ni ya meno! Ukiona usaha, ukapata homa au jicho likiuma, nenda hospitali. Kwa kawaida hupona ndani ya wiki moja hadi tatu, ila weusi hukawia kuondoka.

Taa nyeupe ndiyo inayowaita. Funga madirisha kabla ya magharibi, zima taa ukilala, shusha chandarua. Akikutua, mpulize, au mtegee karatasi apande umtoe nje. Shambani hula wadudu waharibifu, kwa hiyo sina ugomvi naye akikaa huko.

Mkeo msomee ukurasa huu. Shuka fua mwenyewe.