Bonasi Ndogo Kuliko Ulivyotarajia: Anza na Kiasi Kabla ya Makato

Kila bonasi za mwaka zinapolipwa, vijana walioajiriwa karibuni katika kampuni za hapa Dodoma hufika kwa mhasibu na lalamiko lile lile, kwamba TRA, yaani mamlaka ya mapato, imemaliza fedha yao. Nimeandaa mishahara kwa muda wa kutosha kusema kwamba, kwa mwajiriwa mpya, kodi mara nyingi huchukua sehemu ndogo tu, na kwamba fedha anayoitafuta ilikwisha kupungua kabla hesabu haijafika kwenye kodi.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye mshahara ghafi wa shilingi 900,000, ambamo 700,000 ni mshahara wa msingi na zinazobaki ni posho za nyumba na usafiri. Ameambiwa kwamba kampuni hutoa bonasi ya mshahara wa mwezi mmoja, naye moja kwa moja anahesabu 900,000. Akiusoma mkataba wake ataona kwamba bonasi hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, kwa hiyo anaanzia 700,000. Aliajiriwa tarehe 1 Septemba, na mwaka wa kampuni huishia Desemba. Amefanya kazi miezi minne kati ya kumi na miwili, hivyo stahili yake ni 233,333. Tathmini ya utendaji imempa asilimia 80, na kiasi kinashuka hadi 186,667. Hapo ndipo kodi inapoingia. Kwa viwango vya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, vilivyoanza Julai 2021, mapato ya mwezi yanayozidi 760,000 hadi 1,000,000 hutozwa asilimia 25, na yanayozidi hapo asilimia 30. Mshahara wake, baada ya kuondoa mchango wa asilimia 10 wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni 810,000. Bonasi ikijumlishwa katika mwezi huo huo, na tukichukulia kwamba yenyewe haikukatwa mchango, yote inaangukia kwenye asilimia 25. Kodi yake ni 46,667, naye anapokea 140,000. Kati ya 760,000 alizozikosa katika zile 900,000 alizozitarajia, TRA haikuchukua hata 50,000.

Mwaka unaofuata, akilipwa bonasi kamili ya 700,000, sehemu kubwa itavuka mstari wa 1,000,000 na kodi itafika 200,500. Wakati huo ana haki ya kumuuliza mhasibu kama bonasi ilijumlishwa yote katika mwezi mmoja au ilisambazwa katika mwaka mzima, kwa sababu majibu hayo mawili hayatoi kodi ile ile. Aangalie pia mkopo wa elimu ya juu: makato ya HESLB ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hivyo makato hayo yakiongezeka mwezi wa bonasi ni vyema kuomba maelezo. Tozo ya ufundi stadi na mchango wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ni mzigo wa mwajiri. Havipaswi kuonekana kabisa kwenye makato yako.

Lipo jambo jingine ambalo mgeni halioni kwenye hati ya mshahara, nalo ni ukubwa wa fungu lenyewe. Kampuni nyingi hutenga fungu la bonasi kutokana na faida, na katika kanda hii ya kati faida ina tabia yake. Dodoma na Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Mvua ikikatika mapema, kiwanda cha kukamua alizeti hununua mbegu chache kwa bei ya juu, na mfanyakazi aliyepata alama nzuri kuliko mwaka jana anaweza kulipwa pungufu ya mwaka jana. Ni jambo linaloumiza, lakini si dhuluma.

Kwa hiyo gawanya swali lako. Kama tatizo ni kiasi kabla ya makato, nenda ofisi ya rasilimali watu ukaulize msingi wa hesabu, idadi ya miezi na alama yako ya tathmini. Kama ni makato, nenda uhasibu na hati ya mshahara mkononi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka malipo yaambatane na maelezo ya maandishi, na deni unalodaiwa na mwajiri halikatwi bila ridhaa yako ya maandishi, isipokuwa pale sheria au makubaliano ya pamoja yanaporuhusu. Ukiandika barua, taja mstari na tarakimu; barua inayosema tu kwamba umeonewa hujibiwa kwa ujumla vilevile.

Usipopata jibu, mgogoro wa aina hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Kabla ya kwenda, soma tena kifungu cha bonasi katika mkataba: kikisema hutolewa kwa hiari ya mwajiri, dai lako litakuwa dhaifu, kikitaja kiwango na masharti ambayo umeyatimiza, unadai ujira wako.