Mwanafunzi wa udaktari anaweza kumtetea mgonjwa?

Daktari, niko mwaka wa 3 hapa Kisumu. Sina leseni wala cheo. Nianzie wapi?

Anzia wodini, na jambo moja tu. Nilipokuwa mwanafunzi, asubuhi moja tukiwa kwenye raundi, nilimkuta mama ameketi kando ya mwanawe mwenye selimundu (sickle cell), ugonjwa uliojaa huku kwetu kanda ya ziwa. Mkononi ana kikaratasi: glavu, sindano, dripu, akanunue nje ya geti. Alinihesabia pesa zake kiganjani: mia mbili na hamsini. Nilimwonea huruma, nikafuata raundi. Mpaka leo linaniuma.

Wewe chukua daftari. Kila siku andika tarehe na kilichokosekana, wiki nne mfululizo, bila jina la mgonjwa hata mmoja. Mwambie sista msimamizi unachofanya. Mara nyingi yeye ameagiza vitu hivyo hivyo miaka nenda miaka rudi, na atafurahi kupata mwenzake.

Orodha ninayo. Nimpelekee nani? (Mwaka wa 5, Nakuru)

Anza na msimamizi wa hospitali, asije akasikia habari zake barabarani. Kisha ufuate pesa zilipo. Tangu 2013 hospitali za kaunti ziko mikononi mwa serikali za kaunti, kwa hiyo glavu za wodi yako hupiganiwa kwenye bunge la kaunti. Makadirio ya bajeti hufikishwa huko kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Katikati hapo ndipo kamati husikiliza wananchi. Kifungu cha 196 cha Katiba kinaliagiza bunge hilo kuwashirikisha. Katika vikao nilivyohudhuria, watu wa barabara na masoko walijaa, wa afya tukahesabika kwa vidole.

Nenda na ukurasa mmoja, na usiende peke yako. Ambatana na mhudumu wa afya ya jamii na mzazi aliyewahi kutumwa dukani. Akisema yeye, wajumbe huacha simu zao.

Ukihitaji takwimu za dawa zilizonunuliwa, omba kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu.

Naweza kuweka picha za wodi mtandaoni watu waone hali ilivyo?

Hapana. Mgonjwa alikuja kutibiwa, na siri yake si yako kuitoa.

Mama ananiambia nisome kwanza, siasa baadaye. (Kakamega)

Kuhusu kusoma, mtii. Mtihani ukikaribia, weka daftari kando. Lakini kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kuidai hakuhitaji kadi ya chama. Shirikiana na wenzako kupitia chama cha wanafunzi wa udaktari, MSAKE, mgawane kazi. Na kikao cha bajeti kikitangazwa wadi yenu, mwombe mama mwende pamoja. Huenda ana neno kuhusu zahanati ya kwenu.